Saraka iko wazi tayari: tuunde njia ya faili au tutumie openat?

Umefungua saraka, namba yake (file descriptor, ambayo mfumo hukupa unapofungua kitu) ni 3, na ndani yake unataka faili data.txt. Katika C una machaguo mawili.

La kwanza ni kuunganisha maandishi: snprintf inakuandikia "/proc/self/fd/3/data.txt", kisha unaita open. Kwenye Linux inafanya kazi, na inaokoa sana pale maktaba ya zamani inapodai jina la faili tu. Ila inaitegemea /proc, saraka maalumu ambamo Linux huonyesha habari za programu zinazoendelea. Ndani ya chroot (programu iliyofungiwa kwenye saraka moja kana kwamba ndiyo mzizi) isiyo nayo unapata ENOENT, yaani kosa la "hakuna faili hiyo", ukahangaika kutafuta faili ambayo ipo. macOS haina /proc kabisa. Huko jina huombwa kwa fcntl na F_GETPATH.

Ukiamua kulisoma jina halisi la saraka kutoka /proc/self/fd/3 kwa readlink, kaa macho. Haiweki baiti ya sifuri mwishoni mwa bafa, lazima uiweke mwenyewe. Saraka ikiwa imefutwa, Linux hubandika neno deleted, pamoja na mabano yake, mwishoni mwa jina. Na saraka ikibadilishwa jina kabla hujaita open, jina ulilolishika limeshapitwa.

La pili, openat(3, "data.txt", O_RDONLY), halina hofu hiyo: linaishika saraka yenyewe hata ikihamishwa. Limo kwenye POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, tangu 2008, pamoja na fstatat, mkdirat na unlinkat. Mwenye DIR * (anayoirudisha opendir) anapata namba kwa dirfd.

Mimi nachagua openat kila inapowezekana. Angalia tu jina lisianze na mkwaju (/): likianza nao, ile 3 haitazamwi kabisa.