Darasa la uchumi wa familia kanisani Kizota: linafaa, ila mkulima amesahauliwa

Darasa la uchumi wa familia linaloendeshwa jioni katika usharika mmoja wa Kizota, jijini Dodoma, limekusudiwa wanandoa na wazazi wanaolea peke yao ambao mambo yao ya fedha yamekwenda mrama: duka limefungwa, mwenye mshahara ameachishwa kazi, ugonjwa umemaliza akiba, au mikopo imerundikana hadi marejesho ya mmoja yanalipwa kwa kukopa mwingine. Ada ni shilingi 10,000 kwa familia, pamoja na daftari la mahesabu, na asiyekuwa nayo huruhusiwa kulipa baadaye. Mimi na mwenzangu tulihudhuria hadi mwisho, na ninalipendekeza, ingawa limeandaliwa kwa kumfikiria mtu wa mshahara kuliko mkulima, jambo ambalo katika mkoa huu haliwezi kuitwa kasoro ndogo.

Nilikwenda nikidhani nitasikia mahubiri ya kupanda mbegu na kungojea muujiza, yale ambayo yamewafanya watu watoe hata ada ya shule ya mtoto. Mwalimu, ambaye ni mzee wa kanisa aliyestaafu kazi ya benki, alifungua Nehemia sura ya 5. Humo watu wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia anakasirika, anawakemea wakuu mbele ya mkutano, anataja kwamba yeye na ndugu zake nao wamekopesha, kisha anadai mashamba yarudishwe pamoja na riba iliyotozwa. Kwa darasa lenye watu wanaolima zabibu Mpunguzi na Hombolo, na wanaojua maana ya kuuza mazao yangali shambani, sura hiyo haikuhitaji maelezo mengi. Mwalimu alikazia jambo ambalo wahubiri wengi hulipita, kwamba wadaiwa wale hawakuambiwa waongeze imani, na kwamba kiongozi mcha Mungu aliyashughulikia madeni yenyewe.

Zoezi lililofuata ndilo lenye thamani kuliko yote. Mume na mke huketi mbali, kila mmoja akiandika madeni anayoyajua: anayedai, kiasi, riba ya mwezi na dhamana iliyowekwa, kisha orodha mbili zinalinganishwa. Ukimya uliotanda ulitosha kueleza kwamba orodha nyingi hazikufanana. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mtaani yenye riba kubwa mno, ilipotajwa waziwazi, pamoja na ule mtindo wa mkopeshaji kushika kadi ya benki ya mdaiwa na namba yake ya siri. Mwalimu alieleza kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni na wakopeshaji binafsi wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za wateja. Kisha akapiga hesabu ubaoni: mkopo wa shilingi 300,000 kwa ukomo huo unazaa riba ya shilingi 10,500 kwa mwezi, ilhali kwa asilimia 20 ya mtaani unazaa shilingi 60,000, na katika miezi 5 mdaiwa amelipa kiasi sawa na alichokopa huku deni likiwa palepale. Sijapata kuona hesabu ikisikilizwa kwa utulivu kiasi kile kanisani.

Kuhusu fungu la kumi, jibu lilikuwa fupi na la kiungwana: mtu atoe katika alichopata, asikope ili atoe. Mtunza hazina, aliyeketi mbele, alionekana kuitazama saa yake.

Upungufu mkubwa umo katika daftari. Limechorwa safu 12 za miezi, kila safu ikianza na pato, kana kwamba kila nyumba hupokea kitu mwisho wa mwezi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mwenye mtama au alizeti hupata fedha baada ya mavuno, na mwenye zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka. Mama mmoja alipouliza ajaze vipi, aliambiwa agawe mapato ya mwaka kwa 12. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimwambii fedha zikae wapi katikati ya msimu na msimu, wakati ndugu wote wameshajua kwamba ameuza, wala haimpi mahali pa kuandika magunia yaliyomo ghalani, ambayo kwake ndiyo akiba ya kwanza. Safu zingefuata kilimo, palizi, mavuno na kiangazi, daftari lingekuwa lake pia.

Nilishangaa pia kwamba mikopo ya halmashauri isiyo na riba haikuguswa kabisa. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo hutolewa hasa kwa vikundi. Mtu anayetaka kujinasua kutoka kausha damu alistahili kuelezwa namna ya kuiomba. Madawati nayo yamebanana mno kwa shughuli ya siri kama hii, kiasi kwamba jirani anaweza kusoma deni lako bila kukusudia.

Anayetaka kwenda abebe mikataba yake ya mikopo, kwa sababu mwalimu huipitia kwa subira baada ya kipindi na hatozi chochote. Walio katika ndoa waende wote wawili; mmoja akienda peke yake, zoezi la orodha mbili halifanyiki, na vipindi vinavyobaki vinategemea orodha hizo.