Wamalta na Waromania kwenye Mizani Moja: Tathmini ya Huduma za Takwimu za Wahamiaji wa Marekani

Zipo huduma za mtandaoni zinazompa msomaji ulinganisho uliokwisha kuandaliwa wa jamii mbili zozote za Marekani. Unachagua jina la kwanza, unachagua la pili, na papo hapo unaletewa safu ndefu za kipato, umaskini, ukosefu wa ajira, elimu, ndoa na ulemavu, kila mstari ukiwa umepakwa kijani kwa aliyeshinda na nyekundu kwa aliyeshindwa. Niliijaribu mojawapo, ambayo sitaitaja jina, kwa jozi inayoonekana rahisi, yaani Wamalta na wahamiaji kutoka Romania. Kisha nikairudia kazi hiyo mwenyewe kwa kutumia majedwali ya bure ya Ofisi ya Sensa ya Marekani yaliyopo data.census.gov. Mwenye haraka ajue tangu sasa kwamba huduma ya pili ndiyo ninayoipendekeza, ingawa nayo ina pengo moja linalobadilisha kabisa maana ya ulinganisho huu.

Nianze na ile iliyoandaliwa tayari, kwa kuwa ndiyo wengi watakayokutana nayo kwanza. Ina kasi, haidai ujuzi wowote, na mpangilio wake unasomeka hata kwenye simu. Tatizo limekaa kwenye vichwa vya safu, mahali ambapo msomaji hupita bila kutua. Safu ya kwanza iliandikwa "Wamalta", na ya pili "wahamiaji kutoka Romania". Maneno hayo hayatoki kwenye swali moja la dodoso.

Takwimu hizi zote huchotwa kwenye Utafiti wa Jamii za Marekani, ambao tangu 2005 umekuwa ukifanywa mwaka mzima, kila mwaka, na sasa hupeleka dodoso kwenye anwani zipatazo milioni 3.5 kwa mwaka. Ndani ya dodoso hilo kuna swali la mahali pa kuzaliwa, na kuna swali jingine la asili, ambalo mtu hulijibu kwa maneno yake mwenyewe na Ofisi ya Sensa hunakili asili mbili za kwanza tu. Kwa hiyo mtu wa asili ya Malta anaweza kuwa mama wa Michigan ambaye babu wa baba yake aliingia Detroit miaka 100 iliyopita, asiyejua neno la Kimalta wala hajawahi kuiona Valletta, mji mkuu wa Malta, na akahesabiwa bega kwa bega na muuguzi aliyewasili kutoka kisiwani mwaka jana. Upande wa pili, mhamiaji kutoka Romania ni lazima awe amezaliwa Romania. Huduma ile, basi, ilikuwa ikiwashindanisha vitukuu wa wahamiaji na wahamiaji wenyewe, halafu ikamtangaza mshindi kwa rangi.

Kwa nini ifanye hivyo? Jibu nililipata nilipofungua jedwali B05006 la Ofisi ya Sensa, linalowapanga wakazi waliozaliwa nje kwa nchi walikozaliwa. Romania ina mstari wake chini ya Ulaya ya Mashariki. Malta haina. Chini ya Ulaya ya Kusini zimo Ugiriki, Italia, Ureno na Hispania, na waliobaki wote wametiwa kapu moja la "nyinginezo". Waliozaliwa Malta wanaoishi Marekani ni elfu chache tu, na kundi dogo kiasi hicho haliwezi kuchapishwa mstari wake bila namba kuyumba kupita kiasi. Ukitaka kuwaona Wamalta kwa jina lao, inakubidi uende jedwali B04006, la asili, ambako wanaandikwa pamoja na Waromania. Hilo ndilo pengo nililolitaja: Ofisi ya Sensa inakuruhusu kulinganisha asili kwa asili, lakini haikupi mhamiaji kwa mhamiaji. Siilaumu kwa hilo. Ninachoilaumu ni huduma ya kibiashara iliyoliziba pengo kwa kuchanganya maswali mawili na kunyamaza.

Mtu anaweza kudhani kwamba tofauti hii ni ya wataalamu tu, lakini ukiifuata historia ya jamii hizi utaona kwamba karibu kila namba ya ustawi inategemea jambo hilo. Wamalta walianza kuingia Detroit kwa wingi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati karakana ya meli za kivita za Uingereza kisiwani ilipopunguza wafanyakazi na viwanda vya magari vya Michigan vilipokuwa vikitafuta watu. Walijikusanya Corktown, mtaa wa Detroit, ambako chama chao cha kusaidiana kingali na jengo lake Michigan Avenue. Wengine walikwenda Bayview huko San Francisco, na wengine Astoria huko New York. Wimbi jingine lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya hapo mfereji ukakauka, kwa kuwa kisiwa kilipata uhuru mwaka 1964, uchumi wake ukakua, na tangu kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 kimegeuka kuwa mahali pa kuhamia. Waliozaliwa Malta na wangalipo Marekani ni wazee kwa sehemu kubwa, na waliowazidi kwa idadi ni watoto na wajukuu wao.

Waromania wana mawimbi yaliyoachana zaidi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakulima kutoka Transylvania, Banat na Bukovina walikwenda Cleveland, Youngstown na Chicago kufanya kazi kwenye viwanda vya chuma, wengi wakiwa na nia ya kupata dola 1,000 pamoja na nauli ya kurudia, nia waliyoiita kwa lugha yao "mia și drumul", yaani elfu na njia. Parokia ya Mtakatifu Maria ya Cleveland, ya Waorthodoksi wa Romania, ilianzishwa mwaka 1904. Sheria za migao za Marekani za 1921 na 1924, zilizowekea kila nchi kikomo cha wahamiaji, zilifunga mlango, na utawala wa kikomunisti wa Romania ukaufunga kutoka upande wa pili. Uhamaji ulianza kuongezeka tena katikati ya miaka ya 1970, Marekani ilipoifungamanisha nafuu ya biashara na uhuru wa watu kuondoka, na wengi walioondoka walikuwa Wayahudi, Wabaptisti na Wapentekoste. Baada ya Desemba 1989, utawala huo ulipoanguka, wakafuata wahandisi, madaktari, waandaaji wa programu za kompyuta, na waliobahatika kwenye bahati nasibu ya viza. Kundi hili la mwisho ndilo linalotawala safu ya "waliozaliwa Romania": watu wa umri wa kufanya kazi, wenye elimu ya juu kuliko wastani wa wahamiaji wote, na wengi wao bado wako kwenye miaka ya kipato kikubwa.

Sasa rudi kwenye mstari wa kipato. Kipato cha kati cha kaya ni kile kinachoigawa orodha ya kaya nusu kwa nusu. Hakijali kama kaya ina mjane mmoja anayeishi kwa pensheni ya kiwanda au ina watu wazima watatu wote wakiwa na mshahara. Jamii yenye wazee wengi itaonekana maskini kwa kipimo hicho hata kama wazee wale wamemaliza kulipia nyumba zao miaka 30 iliyopita, ilhali jamii ya wafanyakazi itaonekana tajiri hata kama nusu ya mshahara inaishia kwenye mkopo wa nyumba. Ukihamia mstari wa umiliki wa nyumba, picha inaweza kugeuka juu chini. Mistari yote miwili ni kweli, na hakuna hata mmoja unaosema jamii ipi ina ustawi zaidi kabla hujatazama umri.

Hapa ndipo majedwali ya Ofisi ya Sensa yanapostahili sifa. Kando ya kila kadirio kuna kiwango cha makosa, namba ya kujumlisha na kutoa, iliyopigwa kwa uhakika wa asilimia 90. Huduma iliyoandaliwa tayari ilikuwa imeifuta safu hiyo, nadhani ili ukurasa upendeze. Tuchukue namba za kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme jamii ya kwanza ina kipato cha kati cha dola 80,000 na kiwango cha makosa cha 9,000, na ya pili ina dola 86,000 na kiwango cha makosa cha 2,000. Ukizidisha kila kiwango cha makosa kwa chenyewe, ukajumlisha, kisha ukatafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo, unapata takriban 9,200. Tofauti ya 6,000 ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika huo kwamba ya pili inaizidi ya kwanza. Kwa jamii ndogo kama ya Wamalta hali ya namna hii ndiyo ya kawaida, na rangi ya kijani iliyopakwa juu yake ni pambo tu.

Udogo huo pia unaamua ni toleo lipi la takwimu utumie. Makadirio ya mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi, na wasifu wa makundi maalumu, yaani majedwali yanayoeleza hali ya kundi moja moja, nao hufuata kiwango hicho. Wenye asili ya Romania wanakivuka kwa mbali, kwani idadi yao nchini ni mamia ya maelfu. Wenye asili ya Malta, walio takriban 40,000, hawakifikii. Inabidi basi utumie makadirio ya miaka mitano, yanayounganisha majibu ya miaka mitano mfululizo, kwa wote wawili, hata kama kwa Waromania yapo mapya zaidi, kwa sababu kulinganisha mwaka mmoja wa huku na miaka mitano ya kule ni kosa lile lile la vichwa vya safu kwa sura nyingine. Data.census.gov haikukatazi kufanya kosa hilo, wala haikuonyi. Kwa chombo cha umma kinachotumiwa na watu wasio wataalamu, naona huo ni upungufu wa kweli.

Kwa matumizi ya kawaida, chombo hiki kinadai uvumilivu. Kisanduku cha kutafutia kinafanya kazi vizuri ukiwa unaijua namba ya jedwali, na vibaya ukiandika swali kwa maneno ya kila siku. Vichujio ni vingi, na mpangilio wake huchukua muda kuzoeleka. Kupakua jedwali ni rahisi na hakuhitaji malipo.

Kuna ujanja mmoja zaidi ambao baadhi ya huduma za kibiashara huutumia. Zikikosa namba za kundi dogo, hutazama kaunti ambazo kundi hilo linaishi, huchukua namba za wakazi wote wa kaunti hizo, kisha huzitumia kukadiria hali ya kundi lenyewe. Kwa Wamalta wa Detroit, maana yake ni kwamba wanaandikiwa umaskini au utajiri wa majirani zao wa Kaunti ya Wayne, ambamo Detroit imo. Maelezo ya mbinu huwa yapo, kwa herufi ndogo, chini kabisa.

Yapo pia mambo ambayo huduma zote mbili haziyagusi. Utafiti huu hauulizi dini, wakati kwa Waromania wa Portland na Sacramento kanisa la Kipentekoste ndilo linalounganisha ajira, ndoa na msaada wa dharura. Ukipima ustawi wa kijamii bila kanisa hilo umepima nusu yake. Hauulizi akiba wala fedha zinazotumwa nyumbani. Kiwango rasmi cha umaskini ni kimoja kwa nchi nzima, kwa hiyo familia ya Queens, jijini New York, na ya mji mdogo wa Michigan zinapimwa kwa rula moja. Unauliza, hata hivyo, lugha inayozungumzwa nyumbani na uwezo wa Kiingereza, na hapa Wamalta wana urithi wa pekee: Kiingereza ni lugha rasmi kisiwani pamoja na Kimalta, kwa hiyo hata aliyeshuka juzi hukuta mlango wa kazi umefunguka nusu. Mstari huo ningeusoma kama kumbukumbu ya utawala wa Uingereza kabla ya kuusoma kama ushahidi wa bidii.

Niongeze kwamba Marekani ni pembezoni tu kwa jamii zote mbili. Waromania waliohama wamejaa zaidi Italia, ambako wanazidi milioni moja, na Hispania. Wamalta walikwenda Australia, ambako sensa ya 2021 ilihesabu watu karibu 200,000 wenye asili hiyo. Anayetaka kuwajua Wamalta waliohama kwa dhati angefanya vyema kuanza na Ofisi ya Takwimu ya Australia, ambayo huwatenga waliozaliwa Malta na wenye asili ya Malta bila kuwatia kapuni.

Kwa alama, huduma iliyoandaliwa tayari naipa nyota moja kati ya tano, kwa ajili ya kasi yake. Data.census.gov naipa nne; ya tano ningeitoa siku itakapomwonya mtumiaji kwamba safu mbili alizoziweka kando kwa kando hazina msingi mmoja. Anayeingia leo kwa ajili ya jozi hii atumie jedwali la asili kwa pande zote mbili, toleo la miaka mitano, na afungue mstari wa umri kabla hajafungua wa kipato.