Mkanda wa mgongo: uzoefu wangu wa miezi mitano

Niliununua mkanda huu Kariakoo kwa shilingi 35,000, baada ya muuzaji kuniapia kwamba ungenyoosha pingili zangu za mgongo ndani ya wiki mbili. Mimi ni fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa, na maumivu ya kiuno yalikuwa yametimiza miezi minne, kiasi kwamba nikishuka kwenye daladala pale Mbagala Rangi Tatu nililazimika kwanza kushika mlango na kuvuta pumzi.

Ushonaji wake sina la kuulaumu: nyuzi hazijafumuka na vyuma vya mgongoni havijapinda. Siku za mwanzo ulinipa nafuu, hasa nikiwa nimeketi. Tatizo ni joto la Dar es Salaam, kwani mwezi wa pili ulinitoa vipele kiuno kizima. Na kubwa kuliko hilo, kila nilipouvua maumivu yalinirudia palepale, hata nikaanza kuogopa kuinama bila kuuvaa.

Ndipo nilipokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Alipima nguvu za miguu yangu, akaniuliza kama nina ganzi katikati ya mapaja, kama mkojo unanitoka bila kujua au unakataa kutoka, kama napata homa au nimekonda bila sababu, kwa kuwa mwenye dalili hizo hapaswi kungoja bali kuwahi hospitali. Sikuwa nazo, kwa hiyo hakuniagiza kupiga picha ya mgongo. Alinieleza kwamba maumivu mengi ya eneo hili hayatokani na pingili iliyohama, na kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023, unaohusu maumivu yaliyozidi miezi 3, unapendekeza mazoezi na haupendekezi mikanda kama tiba ya kawaida.

Alinipa mazoezi ya kuinua nyonga nikiwa nimelala chali na magoti nimeyakunja, matembezi ya kila jioni, na amri ya kuinuka kwenye cherehani kila nusu saa, amri ambayo wateja wangu hawaipendi. Wiki ya kwanza niliumia na nusura niache. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nashuka kwenye daladala bila kushika mlango.

Mkanda ningali nao, nauvaa siku ya kubeba majora ya vitambaa, kisha nauvua. Nautunuku nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za aliyeushona.