Sabuni ya maji ya kupimiwa kwenye doa la mafuta, uzoefu wangu

Jamani hii sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kupimiwa mtaani, imeniokolea kanzu ya mume wangu na lazima niseme. Naichukua kwa mama mmoja hapa Temeke anatengeneza mwenyewe nyumbani, lita 1 elfu 2, unaenda na chupa yako anakujazia. Siku zote mimi ni masufuria tu, kwenye nguo sikuwahi hata kuwaza.

Kanzu ni nyeupe, kaletewa na kaka yake kutoka Muscat, kaivaa Idd mara moja tu, tukaenda kwa mama kula pilau, kipande cha nyama kikamponyoka mkononi kikatua kifuani. Nami kwa pupa nikakimbilia maji, nikaloweka na sabuni ya unga nikafua nikaanika, ilipokuwa bado mbichi sikuona kitu nikafurahi, imekauka doa hili hapa, kubwa kama kiganja. Nikampelekea dobi, dobi kaweka jiki kisha kapiga pasi ya moto, imerudi doa limekuwa la njano na ndo limezidi kukaa. Niliumia sana, yaani ile ni zawadi.

Yule mama wa sabuni nilipomsimulia akaniambia mwanangu doa la mafuta huanzi na maji. Jiki inachezea rangi tu, mafuta yenyewe yako palepale ndani ya uzi, na pasi ndo inayapika kabisa yanashika. Na kanzu nyingi zina poliesta ndani yake, poliesta na mafuta wanapendana kuliko pamba, kwahiyo usione ajabu linang'ang'ania.

Alivyonielekeza ndo hivi, nguo ikiwa KAVU, weka sahani chini ya doa ili lisihamie upande wa nyuma, mimina sabuni yenyewe bila maji, sugua taratibu na mswaki laini, acha dakika 20 ndo uje na maji ya vuguvugu. Kwa kuwa langu lilikuwa la zamani na limeshapigwa pasi, akasema nianze na tone la mafuta ya kula juu ya doa, yale magumu yalainike kwanza, halafu sabuni ifuate. Hapo nilisita kweli, kupaka mafuta kwenye doa la mafuta! Nikaenda mara ya kwanza likapungua nusu, nikaanika kivulini bila pasi, kesho yake nikarudia, likatoka. Nimeinyanyua dirishani kwenye mwanga nikaigeuza huku na huku, hakuna kitu.

Sasa sabuni zenyewe hazifanani. Kabla ya huyu nilikuwa nachukua kwa mwingine, nzito kama uji nikajua ndo kali, kumbe uzito unaweza kuwa ni chumvi tu, wanaotengeneza wanaongeza chumvi ili iwe nzito. Mimi siku hizi naipima kwenye sahani iliyoganda samli, ukisuuza ikibaki inateleza hiyo sabuni usiipeleke kwenye nguo ukategemea maajabu. Halafu hii ya mama wa Temeke inakausha mikono, vidole vilinichubuka, paka mafuta ya nazi ukimaliza au vaa glavu. Kama ni kitenge au dera jaribu kwanza ndani ya pindo uone kama rangi inatoka.

Doa likiwa la sasa hivi usihangaike hivyo, mwagia poda ya mtoto au unga wa sembe uache unyonye kama nusu saa, kung'uta, ndo sabuni. Mtoto wangu kajimwagia mchuzi wa maini kwenye shati la shule juzi, nimefanya hivyo limetoka mara moja tu.

Iliponishinda ni jinzi ya mdogo wangu wa bodaboda, grisi ya mnyororo. Nimerudia mara 3 weusi umepungua ila kivuli kipo, maana ile si mafuta tu, ina vumbi na unga wa chuma umeingia humo humo. Yeye anataka niweke mafuta ya taa, nimekataa, jiko la mkaa liko hapo hapo mlangoni na nguo yenye mafuta ya taa ni moto huo, abaki na kivuli chake.

Nampa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ajili ya vidole. Kanzu kaivaa Ijumaa, mimi nilikuwa namwangalia kifua tu mpaka akaniuliza vipi. Nimebakiwa na nusu lita, kuna dera langu la kijani lina doa la mafuta ya mihogo tangu mwaka jana nililitupa chini ya sanduku, kesho asubuhi naanza nalo.