arXiv na medRxiv: Tathmini ya Huduma Mbili za Kusomea Utafiti Mpya

Kwa msomaji anayetaka kujua wanasayansi, matabibu na wahandisi wamepata nini wiki hii, badala ya kusubiri hadi jarida lichapishe baada ya miezi mingi, kuna huduma mbili ambazo nimezitumia kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni arXiv, yenye fizikia, hisabati, sayansi ya kompyuta, takwimu, uhandisi wa umeme na taaluma nyingine za jirani. Ya pili ni medRxiv, ambayo ni ya utafiti wa tiba na afya ya jamii. Zote mbili huweka hadharani makala za awali, yaani makala ambazo watafiti wamezikamilisha lakini hazijahakikiwa na wataalamu wenzao kwa niaba ya jarida lolote. Kusoma ni bure, kuwasilisha ni bure, na msomaji halazimiki kujisajili popote. Nazitathmini pamoja kwa sababu kazi yao ni moja, lakini hazilingani katika jambo ninaloliona kuwa zito kuliko mengine yote: namna kila moja inavyomjulisha msomaji hadhi ya kile anachokisoma.

arXiv ndiyo kongwe. Paul Ginsparg aliianzisha mwezi Agosti 1991 akiwa katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, ikiwa njia ya wanafizikia kupeana makala kwa barua pepe, na mwaka 2001 ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2022 makala zake zilikuwa zimevuka 2,000,000. Ukubwa huo hauonekani unapoitumia, kwa maana ukurasa wa kila makala ni mwepesi mno: kichwa, majina ya waandishi, ikisiri (yaani muhtasari mfupi wa makala), tarehe, na kiungo cha faili lenyewe. Hakuna tangazo la biashara wala dirisha linalokuzuia kusoma. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 makala nyingi mpya hupatikana pia kama ukurasa wa kawaida wa wavuti na si faili la PDF peke yake, nami nayahesabu mabadiliko hayo kuwa makubwa kuliko yanavyosifiwa, kwa kuwa maandishi sasa hujipanga upya kulingana na upana wa simu, na msomaji asiyeona anaweza kusomewa makala na programu yake bila kukwama kwenye kila fomula.

Sifa ya arXiv ninayoithamini zaidi ni utunzaji wa matoleo. Mwandishi akirekebisha makala yake, toleo la zamani halifutwi. Yote hubaki yakiwa na namba na tarehe, na mtu yeyote anaweza kuyalinganisha. Nilijifunza thamani ya jambo hili nilipowaandalia wenzangu muhtasari wa makala fulani kwa kutegemea toleo la kwanza, kisha nikagundua kwamba katika toleo la tatu waandishi walikuwa wamepunguza dai lao kuu na kubadilisha jedwali zima. Ilinibidi niwaandikie wenzangu upya. Tangu siku hiyo sinukuu makala ya awali bila kutaja namba ya toleo, na namshauri kila anayeanza kuitumia huduma hii afanye hivyo.

Utafutaji wake, kwa upande mwingine, haujafikia kiwango cha maktaba yenyewe. Ukikosea istilahi waliyoitumia waandishi, hupati kitu. Mimi hutegemea zaidi orodha za makala mpya, ambazo hutangazwa mara tano kwa wiki. Katika matawi madogo ya hisabati orodha hiyo husomeka kwa dakika chache, lakini katika matawi ya sayansi ya kompyuta yanayohusu ujifunzaji wa mashine imekuwa ndefu kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuifuata siku baada ya siku. Mwishoni mwa Oktoba 2025 wasimamizi walitangaza kwamba, katika sayansi ya kompyuta, makala za mapitio (zinazokusanya na kutathmini tafiti za wengine) na za misimamo (zinazotetea maoni ya mwandishi) hazitapokelewa mpaka ziwe zimehakikiwa kwingine, kwa sababu akili bandia ilikuwa imerahisisha mno uandishi wake. Naunga mkono hatua hiyo, ingawa nasikitika kwamba mtafiti kijana mwenye mapitio mazuri sasa atangoja zaidi.

Ni vyema kueleza waziwazi kinachofanyika kabla makala haijatokea arXiv. Wasimamizi hutazama kama ni kazi ya kitaaluma na kama imewekwa katika tawi linalofaa. Hawapimi usahihi wake. Uzito wa kupima humwangukia msomaji, na matokeo yanaweza kwenda pande mbili. Kati ya Novemba 2002 na Julai 2003 Grigori Perelman aliweka hapo makala tatu zenye uthibitisho wa dhana ya Poincaré, swali maarufu la hisabati kuhusu maumbo, wala hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Wanahisabati walizichambua kwa miaka kadhaa hadi wakaridhika kwamba ni sahihi. Kinyume chake ni Julai 2023, pale watafiti wa Korea Kusini walipoweka makala wakidai kwamba maada waliyoiita LK-99 hupitisha umeme bila ukinzani wowote katika halijoto ya kawaida na hata zaidi, hadi nyuzi 127 za Selsiasi. Ulimwengu mzima ulisisimka. Ndani ya wiki chache maabara mbalimbali zilionyesha kwamba mabadiliko ya ghafla ya ukinzani yalitokana na uchafu wa salfidi ya shaba uliokuwamo ndani ya sampuli. Makala zilizolipinga dai hilo nazo ziliwekwa arXiv, jambo linaloonyesha kwamba huduma hii hujisahihisha kwa kasi. Ila msomaji wa kawaida aliyefungua makala ya kwanza hakuona pale penye ikisiri onyo lolote lililomwambia asubiri.

Hapo ndipo medRxiv inapoizidi. Ilizinduliwa Juni 2019 na Cold Spring Harbor Laboratory (taasisi ya utafiti ya Marekani), Chuo Kikuu cha Yale na BMJ (mchapishaji wa majarida ya tiba wa Uingereza), na tangu Machi 2025 iko chini ya openRxiv, taasisi isiyo ya faida. Waanzilishi wake walijua tangu mwanzo kwamba makala ya tiba yenye kosa inaweza kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo kila ukurasa wa makala hubeba maelezo kwamba kazi hiyo haijahakikiwa na haipaswi kutumiwa kuongoza matibabu. Waandishi hutakiwa kueleza idhini ya maadili ya utafiti na kusajili majaribio ya kitabibu, na ukaguzi wa awali huchukua siku chache.

Mfano ambao hunifanya niiamini ni jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililopima dawa ya deksamethasoni kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa. Makala ya awali iliwekwa medRxiv tarehe 22 Juni 2020, karibu wiki nne kabla ya kutoka katika New England Journal of Medicine. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, makala ya awali ilitaja vifo vya asilimia 29.0 kwa waliopewa dawa dhidi ya asilimia 40.7 kwa waliopata huduma ya kawaida. Jarida lilipochapisha, takwimu zilikuwa asilimia 29.3 dhidi ya 41.4. Namba zilisogea kidogo, hitimisho likabaki lilelile: dawa iliwafaa waliohitaji oksijeni au mashine, na haikuonyesha faida kwa wasiohitaji msaada wa kupumua. Katika janga lile, wiki nne za kuwahi zilikuwa na maana kubwa kwa madaktari waliokuwa wodini.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini mimi hulitumia kila siku. Makala ya medRxiv ikishachapishwa katika jarida, ukurasa wake huonyesha kiungo cha toleo lililohakikiwa. Katika arXiv taarifa hiyo mara nyingi humtegemea mwandishi akumbuke kuijaza, na wengi hawakumbuki, hivyo msomaji hulazimika kulitafuta jarida kwa jina la makala, ambalo huenda nalo limeshabadilishwa. Ningependa arXiv iige mambo mawili kutoka kwa mdogo wake: kiungo hicho, na mstari mmoja juu ya kila ikisiri unaosema kama kazi hiyo imehakikiwa au bado.