Filodendroni Dodoma: maji ya bomba au ya mvua?

Ncha za majani ya filodendroni, mmea wa chunguni unaopendwa kwa majani yake, zikikauka na kuwa kahawia, huku utando mweupe ukijijenga juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, shuku chumvi ya maji kwanza. Dodoma tunategemea sana visima vya Makutupora, na maji ya visima huja na madini. Chungulia ndani ya birika lako uone ukoko wake.

Kwa afya ya majani, mvua inashinda waziwazi. Lakini kwetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu, na simtanki ni pesa, tena lisipofunikwa linazaa mbu.

Ya bomba ni rahisi kupata, ila yanadai kazi: kila baada ya miezi michache mwagilia kwa wingi mpaka yachuruzike chini na kusomba chumvi, kisha mwaga nje yaliyotuama kwenye kisahani. Kuyalaza kwenye ndoo usiku kucha hakuondoi chumvi.

Mwenye chungu kimoja sebuleni, bomba linamtosha. Mwenye vingi na paa safi, akinge mvua. Majani ya chini yakiwa manjano na udongo umelowa, usibadilishe maji, punguza kumwagilia.