Msumeno Usioshika Tupa: Mwongozo kwa Anayejitengenezea Samani Nyumbani

Msumeno wangu wa kwanza niliununua katika duka moja la vifaa katikati ya jiji la Mwanza, kwa sababu uling'aa, mpini wake wa plastiki ulikuwa na rangi mbili, na meno yake yalinikata kidole kabla sijatoka dukani. Kwa miezi minne ulinifanyia kazi nzuri. Nilitengeneza rafu ya vitabu ya saiprasi na meza ndogo ya msindano bila kuwa na neno la kulalamika. Mwezi wa tano nikapewa kipande cha mvule na jirani aliyekuwa akibadilisha milango yake, nikaanza kukikata ili nitengeneze kigoda, na katikati ya ubao msumeno ukagonga jiwe. Wanaoufahamu mvule hawatashangaa, kwa maana mti huo hujiwekea ndani yake vibonge vya chokaa vilivyo vigumu kama mawe, wala huwezi kuvitambua kwa nje. Meno sita yalivunjika na mengine mengi yakawa butu.

Niliupeleka Kirumba, karibu na mwalo, kwa mzee anayenoa misumeno ya mafundi wa mitumbwi. Alizitazama ncha za meno, akapitisha tupa mara moja tu, nayo ikateleza ikilia kama imepita juu ya kioo. "Mama," aliniambia huku akinirudishia, "huu haushiki tupa. Ukishakuwa butu, umekwisha." Nilimuuliza kama hakuna tupa iliyo kali zaidi. Alicheka, kisha akarudia kazi yake kwenye msumeno wa mtu mwingine, ambao ulikuwa umenolewa miaka mingi hata bamba lake likabaki na upana wa nusu ya kiganja, na bado ulikuwa ukipasua mbao kila siku.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia hapa urefu wa msumeno, uzito wake, wala jinsi mpini unavyokaa mkononi, mambo ambayo kila muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Nitazungumzia meno peke yake, na katika meno nitauliza swali moja tu, nalo ni kama yanashika tupa.

Misumeno mingi mipya inayouzwa leo huwa na meno yaliyokomazwa kwa umeme kiwandani. Ncha za meno hupashwa moto mkali kwa muda mfupi sana, kisha hupozwa ghafla, nazo hubaki ngumu kuliko bamba lenyewe. Kwa kipimo cha Rockwell C, kinachopimia ugumu wa chuma, bamba la msumeno wa kawaida huwa karibu na 50 na tupa huwa karibu na 65. Meno yaliyokomazwa huifikia tupa au huipita, na ndiyo maana tupa haina la kuyafanya. Utayatambua kwa weusi unaoelekea rangi ya samawati kwenye ncha zake. Ni kweli kwamba meno hayo hudumu na makali kwa muda mrefu zaidi, na mtu anayekata mbao laini mara chache kwa mwaka huenda asione kasoro yoyote. Lakini ugumu huo huja pamoja na wepesi wa kuvunjika, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa hatukati mbao laini peke yake.

Kuna jambo la pili ambalo huwa sisikii likitajwa dukani, nalo kwangu ni zito kuliko hata kunoa. Mbao nyingi tunazouziwa hapa bado ni mbichi, na ubao mbichi huubana msumeno, kwa sababu nyuzi zake zilizojaa maji huvimba na kuziba njia iliyokatwa. Dawa yake ni kuyatanua meno, au kuyaseti kama wasemavyo mafundi, yaani kulipinda jino moja kulia kidogo na linalofuata kushoto, ili njia iwe pana kuliko unene wa bamba. Meno ya kawaida hukubali kupindwa. Ubao ukikauka utayarudisha yawe membamba, na mvua za masika zikileta tena mbao mbichi utayatanua upya. Meno yaliyokomazwa ukiyapinda yanakatika. Mnunuzi wake amefungwa katika upana mmoja aliouchagua mtu wa kiwandani ambaye hajawahi kuuona mninga uliokatwa wiki iliyopita.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Nenda dukani ukiwa na tupa ndogo ya pembe tatu, ya inchi 6 au 7, ambayo utaihitaji hata hivyo. Omba ruhusa ya kuligusa jino la mwisho lililo karibu na mpini, ambalo halifanyi kazi kubwa, kisha pitisha tupa polepole mara moja. Ikiuma na kuacha mstari unaong'aa, msumeno huo unanoleka. Ikiteleza, urudishe mahali pake.

Sasa niseme ni upi ununue, na sitajifanya sina upande. Nafasi ya kwanza naipa Spear & Jackson ya zamani, iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza, yenye mpini wa mbao na skrubu za shaba nyeupe au ya njano. Misumeno hii bado inapatikana kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu, ikiwa imefunikwa na kutu. Kutu ya juujuu isikutishe, kwani hutoka kwa msasa na mafuta ya taa. Kinachotisha ni vishimo vya kutu karibu na mstari wa meno, maana kila utakaponoa utakifikia kishimo na jino litakatika hapo. Uinue msumeno usawa wa jicho utazame bamba kutoka kwenye mpini, na ukiona limepinda uliache, hata kama bei ni ya kukutega. Kwa kazi za nyumbani tafuta wa inchi 26 wenye meno 7 au 8 kwa inchi, unaofaa kukatia ubao kwa mapana. Wa kupasulia, yaani wa kukata ubao kwa urefu wa nyuzi zake, huwa na meno 5 au 6, na meno yake hunolewa kwa kuiweka tupa ikatize bamba kwa pembe mraba, si kwa mshazari kama ya ule wa kukatia.

Nafasi ya pili ni Spear & Jackson mpya ya mtindo wa kizamani, ambayo meno yake bado yanashika tupa. Hapa lazima nionye, kwa sababu jina hilohilo liko pia kwenye misumeno yao ya Predator, ambayo meno yake yamekomazwa. Kulisoma jina kwenye bamba hakutoshi, na tupa yako ndiyo itakayoamua. Ule wa kizamani ni ghali, na mimi ilinibidi niuagize Dar es Salaam.

Nafasi ya tatu naipa misumeno ya Kijapani, inayokata unapoivuta badala ya unapoisukuma. Bamba lake ni jembamba sana na njia yake ni safi ajabu kwenye saiprasi iliyokauka. Mingi inayouzwa leo nayo ina meno yaliyokomazwa, ila watengenezaji huuza bamba la kubadilisha. Tatizo ni kwamba mabamba hayo sijayaona katika duka lolote la Mwanza.

Misumeno ya Stanley JetCut na jamaa zake wenye meno meusi yaliyokomazwa wanakata vizuri mpaka siku wanapoacha kukata. Misumeno ya bei ya chini isiyo na jina hujikunja kwenye ubao wa kwanza, na mahali pake ni kukatia matawi ya mpera.

Wauzaji wanahitaji aya yao wenyewe. Katika maduka matano niliyoingia na tupa yangu, matatu yalinikatalia kuligusa jino, eti nitaharibu bidhaa, ilhali wauzaji haohao waliniapia kwamba msumeno ni orijino na "unanoleka vizuri tu". Mmoja alinijibu swali langu kwa swali, "Kwani mzee nyumbani anataka wa inchi ngapi?" Mwingine alikuwa amebandika karatasi ya bei juu ya sehemu yenye meno meusi, na nilipoibandua akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Hata tupa zenyewe siku hizi zinauzwa mbovu: niliwahi kununua moja iliyoisha makali kabla sijafika katikati ya msumeno mmoja.

Wale wa vyuma vikuukuu nao wamenitambua. Msumeno wa Sheffield niliotajiwa shilingi 10,000 mara ya kwanza, niliporudi baada ya wiki ulikuwa umefika 30,000, bila hata kufutwa vumbi. Sikubishana. Jumamosi iliyofuata nilimtuma mpwa wangu akiwa na tupa mfukoni na maagizo ya kutazama vishimo vya kutu, naye akarudi nao kwa shilingi 8,000.